Arobaini ya Pili

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Katika mtaa mmoja wa Mombasa aliishi mama wa watoto wawili ambaye alikuwa amezaa mara mbili pasi na kuficha lolote. Maana ya methali hiyo aliijua baadaye, alipokwenda kwenye kisu kwa hiari yake.

Alipojifungua kifungua mimba, na vilevile alipojifungua wa pili, mamake mzazi alihamia kwake kwa siku 40. Alikandwa kwa maji ya moto, akanyweshwa uji wa pilipili manga, akafungwa mkaja tumboni, wala hakuna aliyemwachia hata ndoo ainue. Jirani aliyepita mlangoni alimjulia hali. Siku hizo hazikuwa za uvivu. Zilikuwa haki ya mzazi, na mtaa mzima uliitambua.

Hata hivyo, uzazi wa pili ulimwachia ngozi iliyolegea na misuli ya tumbo iliyoachana katikati. Mazoezi ya miaka 2 hayakufua dafu. Alidunduiza fedha, akawaacha watoto kwa nyanya yao, akasafiri hadi Nairobi kufanyiwa upasuaji wa kukaza tumbo. Mumewe, baharia aliyekuwa safarini, ndiye pekee aliyejua. Wengine waliambiwa kuna semina ya kazi. Alichelea kuambiwa kwamba amenunua kwa pesa zake maumivu ambayo Mungu hakumpa.

Daktari mpasuaji alimpa masharti. Siku ya pili tu alitakiwa kuamka na kutembea polepole, kwani damu ya mtu alalaye muda mrefu huweza kuganda katika mishipa ya miguu, na donge hilo likifika mapafuni huweza kuua. Lakini kukimbia, kuinua mizigo na mazoezi ya tumbo vilipigwa marufuku kwa majuma 6 angalau. Mbio hupandisha shinikizo la damu, na mishipa midogo iliyokatwa huweza kuvuja upya. Aidha, ngozi iliyobanduliwa juu ya misuli huteleza ikitikiswa kabla ya kushikana, nafasi iliyobaki ikajaa majimaji. Kidonda nacho hudanganya macho: juu huonekana kimefunga, ilhali katika juma la 3 kovu huwa na takriban asilimia 20 tu ya nguvu za ngozi nzima. Baada ya miezi 3 hukaribia asilimia 80, na haliwi tena kama ngozi ya awali.

Alirejea Mombasa baada ya majuma 2, vazi la kubana likiwa limefichwa chini ya dera. Nani angempumzisha mtu asiyejulikana kuwa ana jeraha? Mtoto alilia abebwe, akambeba. Maji ya mfereji yalipokatika, mtungi wa lita 20, ambao ni uzito wa kilo 20, ulimngoja mlangoni. Wenzake wa mazoezi ya alfajiri katika bustani ya Mama Ngina walimtania kwamba semina imemfanya mvivu. Katika juma la 3 aliungana nao chini ya mibuyu, akakimbia.

Jioni ya siku ya tatu tumbo lilifura juu ya kovu, na alipoligusa likatikisika kama maji ndani ya kiriba. Alipompigia daktari wake simu, aliulizwa kama ana homa, kama mguu mmoja umevimba au kuuma, kama anapumua kwa shida. Kwa bahati hakuwa na lolote kati ya hayo. Alielekezwa hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo, majimaji yakafyonzwa kwa sindano, hesabu ya mapumziko ikaanza upya.

Sasa ilimbidi aseme. Mamake alilitazama lile kovu kwa muda mrefu. Hakuusifu upasuaji, wala hakuuliza umegharimu kiasi gani.

"Ungeniambia, mwanangu," alisema. "Mkaja wako ningali nao."

Usiku huo alihamia. Vazi la daktari likachukua nafasi ya mkaja, nyanya akambeba mjukuu, jirani akateka maji. Mgonjwa alitembea uani dakika 10, kisha 20, kisha nusu saa. Ikiwa tumbo lilivimba zaidi jioni, alijua amepiga hatua kubwa mno, akapunguza kesho yake. Daktari alipomruhusu, alianza mbio nyepesi, akipokezana dakika za kukimbia na za kutembea. Mazoezi ya tumbo yalisubiri hadi miezi 3 ilipotimia, nayo yalianza kwa kuvuta pumzi na kukaza misuli taratibu.

Waama, jeraha halimuulizi mtu alilipataje. Aliyezaa na aliyejichagulia kisu wote huponywa na siku zilezile, ila mmoja huzipewa na jamii yake na mwingine huzinyima nafsi yake kwa haya.

Asubuhi aliyorejea chini ya mibuyu kukimbia, mamake alifuatana naye. Aliketi akitazama bahari, vazi la kubana limekunjwa ndani ya kikapu, endapo lingehitajika.