Bujumbura, Mji wa Ziwa na Ngoma

Bujumbura umejengwa kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Zama za Wajerumani na Wabelgiji uliitwa Usumbura. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai, 1962, lakini Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeupigania, hakuuona: aliuawa mjini humo tarehe 13 Oktoba, 1961. Kaburi lake liko kilimani, juu ya mji.

Wananchi husema Kirundi. Katika mtaa wa Buyenzi Kiswahili ndicho kisemwacho sokoni na nyumbani. Mgeni hukaribishwa mukeke wa kuchoma, samaki wa ziwa hilo. Kusini, huko Mugere, lipo jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliofika mwaka 1871. Magharibi, penye mlango wa Mto Rusizi, viboko huogelea. Nazo ngoma za kifalme za nchi hiyo zilitambuliwa na UNESCO mwaka 2014.

Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwafukuza wageni na wenyeji pia. Wengi walikimbilia Tanzania. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti, 2000, ukafungua njia ya kurejea. Ziwa lilikuwapo miaka yote hiyo. Kilichokosekana ni amani ya kulitazama.