Mdogo Wangu na Wayunani

Mdogo wangu aliponiarifu kwamba chuoni atasoma ustaarabu wa Wayunani na Warumi pamoja na Kiingereza, nilikasirika. Karo yake ni mahindi ya baba, tena ni mshahara wangu wa ukarani hapa Eldoret. Wafu wale watatulipa nini?

Wakati wa likizo alinikuta nikisoma mchezo wa Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari, ule alioufasiri Mwalimu Nyerere ukachapishwa mwaka 1963. Akaniuliza, "Kaka, Shakespeare alimjuaje Kaizari?" Nilinyamaza, ingawa shuleni kwa wamisheni nalikariri kurasa zake nyingi. Akanieleza: alimpata kwa Plutarch, Myunani, aliyefasiriwa kwa Kiingereza na Thomas North mwaka 1579.

Karo nimelipa. Kumweleza baba ndiyo kazi iliyobaki.