Ua Lisilo na Subira

Mwezi huu watoto wa P.4 wametuomba sisi walimu wa kujitolea tuandike habari za yale maua ya nyuma ya darasa, ya rangi ya waridi na meupe, yanayopenda kivuli. Basi tuanze na jinsi yalivyofika.

Januari 2008 familia yetu ilivuka mpaka pale Busia. Tulikuwa watoto, tumepakiwa wawili wawili kwenye boda boda za baiskeli, zile zilizopata jina lake hapo hapo kwa kubeba watu toka mpaka huu hadi mpaka ule. Upande wa Uganda tukapanda lori, tukalipita jabali la Tororo, tukafikishwa kambi ya muda ya Mulanda. Kulikuwa na mahema, vumbi na foleni ya maji.

Siku moja mama yetu alienda kununua viazi vitamu kwa mama mmoja Mjapadhola wa kijiji cha jirani. Chini ya paa la nyumba yake akaliona ua hili. Akasimama. "Hili niliacha mlangoni kwangu," alisema. Yule mama akamkatia vitawi vitatu, na pesa akakataa. Mama akavitia kwenye mkebe wa Kimbo wenye udongo.

Kusema kweli sisi tulikasirika. Jerikeni inapangwa foleni tangu alfajiri, halafu ua nalo linywe? Mama hakubishana. Alilinywesha maji ya kusuuzia vikombe.

Tarehe 28 Februari 2008 Kibaki na Raila walipotia sahihi mapatano, mama alisema ua likae tu mkebeni, maana tunarudi. Baadaye mwaka huo huo tukahamishiwa huku Kiryandongo, mkebe ukiwa mapajani mwake safari nzima. Tulijenga, tukapanda mahindi na maharagwe. Ua likabaki mkebeni. Tukimwuliza anajibu: "Mahindi ni ya msimu. Ua ukilipanda mlangoni, umesema hapa ni kwako."

Hatukuwa na neno la kumjibu. Wengi wenu mnaosoma hapa, mliotoka Sudan Kusini au Kongo, mnalijua jambo hilo.

Sasa, ua lenyewe ni la kwetu Afrika Mashariki, linaota porini toka Kenya hadi Msumbiji. Katika karne ya 19 John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alilipeleka kwao, na mwaka 1882 wataalamu wakalipa jina la heshima ya Sultani wa Zanzibar. Leo linapandwa bustanini Ulaya na Marekani. Jina lake la ukoo kwa Kilatini ni Impatiens, maana yake "lisilo na subira". Ni kwa sababu kifuko chake cha mbegu kikikomaa, ukikigusa kidogo tu kinapasuka pwaa! na mbegu zinaruka mbali. Watoto wanapenda mchezo huo kuliko hesabu.

Na ndivyo ilivyokuwa kwetu. Wakati wa mvua za 2011 tulikuta miche midogo imeota ardhini kando ya bafu, panapochuruzika maji. Mbegu zilikuwa zimeruka zenyewe kutoka mkebeni. Tukamwita mama, tukidhani ataing'oa. Akaitazama kwa muda mrefu. "Hiyo sikuipanda mimi," akasema. "Iacheni." Jioni tukamwona anaizungushia mawe ili kuku wasiichakure.

Kwa wanaotaka kupanda, tufanye hivi. Kata kitawi cha urefu wa kidole, toa majani ya chini, kiweke kwenye kikombe cha maji. Baada ya wiki mbili au tatu kitakuwa na mizizi, ukipande. Toboa mkebe chini, maana maji yakituama shina linaoza. Weka kivulini, jua la mchana linalichoma. Ukiona majani yamelegea usikate tamaa, ni kiu tu. Mwagia maji, baada ya muda mfupi linainuka. Maji ya kuoshea mboga yanatosha, hakuna haja ya kugusa jerikeni ya kunywa. Ukipanda mbegu usizifukie sana, zinahitaji mwanga ili ziote. Likirefuka ovyo, punguza ncha, nazo uzipande au umpe jirani.

Mkebe wa mama bado uko, umeshika kutu. Maua ya nyuma ya darasa yametoka humo. Mwenye kutaka kitawi afike P.4 siku yoyote baada ya masomo, aje na mkebe wake. Ni bure, kama tulivyopewa kule Mulanda.