Kasuku Mmoja, Nyumba Tupu

Kazi yangu ni kushika ndege. Daktari anapompima kasuku, mimi ndiye niliyemviringishia taulo na kumshika kichwa kwa vidole, huku kifua nimekiacha huru, maana ndege hupumua kwa kukipanua kifua na ukimbana hapo unamuua. Nilisomea afya ya wanyama nyumbani Kenya nikitarajia kuhudumia ng'ombe na mbuzi. Riziki ikanileta Dubai, kwenye kliniki ambayo wagonjwa wake wengi ni kasuku wa kijivu wenye mkia mwekundu, ambao Waarabu huwaita kasko. Wenye ndege ni watu wa kila asili: Waarabu wa hapa, Wahindi, Wafilipino, na Waomani wenye asili ya Unguja wanaofurahi kumkuta mtu wa kuzungumza naye Kiswahili. Karibu wote, wakishalipa na kuinua tundu waondoke, huniuliza swali lile lile: "Huyu anahitaji mwenzake?"

Huwajibu kwamba ndiyo, anahitaji. Ila wengi huuliza wakiwa wamechelewa, na huyo ndege wa pili wanamtafuta kama dawa ya kumnyamazisha wa kwanza. Kwa dawa ya namna hiyo nimeona vidole vilivyong'atwa hadi mfupa, na nimeona ndege wawili wakifa pale ambapo mmoja tu alikuwa na huzuni.

Kwanza tumfahamu ndege mwenyewe. Kwao ni misitu ya Afrika, kutoka Ghana na Kamerun kupitia Kongo hadi Uganda, na mashariki zaidi hadi msitu wa Kakamega, Kenya. Jioni hurudi kulala kwa makundi, pengine mamia kwenye miti michache. Dume na jike wakishapatana hukaa pamoja miaka. Kinda hukaa ndani ya tundu la mti karibu miezi mitatu, na akitoka bado huwafuata wazazi wake na kujifunza kwao chakula, hatari na milio ya kundi. Hata kule kuiga sauti kunakotufurahisha ni kazi ya kundi: anayejua mlio wa wenzake ndiye mwenzao. Kwa hiyo kasuku wa ghorofani anaposema "habibi" mlango unapofungwa saa moja asubuhi, anaita kundi lake. Kundi hilo ni wewe, nawe umeshaingia kwenye lifti.

Wale wa zamani walikamatwa msituni. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES (mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini vilivyo hatarini) uliofanyika Johannesburg, mataifa yaliamua kuzuia biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini, na zuio likaanza kutumika Januari 2017. Siku hizi wengi wanaokuja kwetu wamezalishwa kwenye mashamba, hasa ya Afrika Kusini. Makinda hutolewa kwa wazazi mapema na kulishwa uji kwa bomba la sindano ili wamzoee binadamu. Wanunuzi hupenda sana hilo, kwa kuwa ndege huja mpole, anapanda begani siku ya kwanza. Wasichoambiwa ni kwamba kinda aliyelelewa hivyo, bila kumwona kasuku mwingine, hukua akimchukua binadamu kuwa jamii yake, na akibalehe humtafuta mchumba humo humo.

Nisimulie ninachokiona mezani. Analetwa ndege aliyejinyonyoa kifua na mapaja, ngozi imebaki wazi kama ya kuku wa sokoni. Mwenyewe anasema, "Ana upweke." Huenda ni kweli, lakini upweke ndio tunaoufikiria mwisho. Mimi hutazama kichwa kwanza. Mdomo wa ndege haufiki kichwani kwake, kwa hiyo anayejinyonyoa mwenyewe huwa na kichwa chenye manyoya mazuri. Kikiwa nacho kina upara, kuna ndege mwingine anayemnyonyoa, au kuna ugonjwa, na unaotutia hofu zaidi ni ule wa virusi vinavyoharibu mdomo na manyoya. Baada ya hapo ni damu: ini, maambukizi, na madini ya kalsiamu, ambayo kasuku wa kijivu hupungukiwa kwa urahisi hasa wanaposhindishwa alizeti kutwa. Kuna na hewa. Ndege wa msitu wa mvua anakaa mwaka mzima chini ya kiyoyozi, ngozi inakauka na kumwasha. Vikiondolewa vyote hivyo na ndege bado anajichuna, ndipo tunauliza nyumba ina nani kuanzia asubuhi hadi jioni.

Kichwa hicho hicho kinatoa ushahidi mwingine. Unyoya mchanga huota ukiwa umefungwa ndani ya ala ngumu, na ndege huitafuna ala hiyo ili unyoya ufunguke. Mwilini anajifanyia mwenyewe. Kichwani na shingoni hawezi, hufanyiwa na mwenzi wake. Kasuku anayeishi peke yake, akiwa kwenye msimu wa kubadili manyoya, huja kwetu kichwa kimejaa vijiti vyeupe, na ukivisugua polepole kwa ukucha hufumba macho na kuinamisha shingo umalizie upande wa pili. Mwenye ndege akiona hivyo husema, "Kumbe anapenda." Anapenda, naam. Na ni huduma ambayo porini angeipata kila siku.

Wataalamu nao wamepima. Mwaka 2014 watafiti wa Vienna walichapisha utafiti kuhusu telomea za kasuku wa kijivu, zile ncha za kromosomu zinazofupika kadiri kiumbe anavyozeeka na kukaa katika dhiki. Waliofugwa peke yao walikuwa na telomea fupi kuliko wenzao wa rika moja waliofugwa wawili wawili. Kasuku wa miaka tisa aliyeishi peke yake alilingana na mwenye mwenza aliyemzidi miaka 23. Kabla yao, watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis walilea makinda ya kasuku wa Amazoni, wengine wawili wawili na wengine mmoja mmoja. Waliokuwa na wenza walipiga kelele chache kuliko waliokuwa peke yao, walicheza zaidi, na hawakupata ile tabia ya kuzungukazunguka tunduni bila sababu. Tena hawakuacha kuwazoea watu. Hili la mwisho huwaambia wale wanaoogopa kwamba ndege akipata mwenzake hatawajali tena. Pengine ataongea nawe kidogo kuliko zamani, kwa sababu haja ya kukuita imepungua. Ukiona hiyo ni hasara, basi ulichokuwa unakipenda ni kelele za dhiki yake.

Sasa kwa nini simwambii kila mtu aende soko la ndege la Sharjah akarudi na wa pili? Kwa sababu kasuku haozeshwi kwa amri. Aliyelelewa na binadamu tangu yai humtazama mgeni kama adui aliyeingia chumbani. Kuna familia iliyoweka jike mgeni ndani ya tundu la dume wao usiku ule ule, wakitumaini asubuhi watakuta wamekumbatiana. Tulishona mguu wa jike, kidole kimoja hakikuokoka.

Mgeni akae kwanza chumba kingine, siku 30 kwa uchache, afanyiwe vipimo vya virusi na vya klamidia, bakteria wanaoweza kumwambukiza hata mtu homa ya mapafu, na ambao tiba yao kwa ndege huchukua siku 45. Baadaye matundu mawili ndani ya chumba kimoja, mbalimbali, yakisogezwa kidogo kidogo. Chakula kiwekwe kwa wakati mmoja. Wakutane nje, mahali ambapo si pa yeyote, na vyombo viwili vya chakula. Wakiishia kuwa majirani tu, kila mmoja tunduni mwake, wakijibizana na kulala wakionana, hilo nalo ni faida kubwa. Kupandishana si lazima, na kisanduku cha kutagia usiweke. Dume na jike wa kijivu hawatofautishwi kwa macho. Kipimo cha unyoya au damu ndicho kinachosema.

Wala ndege yeyote si mwenza wa ndege yeyote. Kasuku wa kijivu hutoa unga mwingi wa manyoya, nao huwaumiza mapafu kasuku aina ya makao, wale wakubwa wa rangi kutoka Marekani ya Kusini, wakifungiwa chumba kimoja. Ndege wadogo wa rangi wanaouzwa kwa bei nafuu mara nyingi hubeba vijidudu bila kuugua, na mdomo wa kasuku mkubwa huwakata mguu kwa pigo moja. Anayemfaa wa kijivu ni wa kijivu.

Wapo pia kasuku ambao mwenza wao alikuwa mtu, na huwezi kumbadilisha kirahisi. Bibi mmoja wa Kiomani aliyezaliwa Unguja alituletea kasuku aliyekataa kula. Nilimwamkia, akaniitikia, akasema, "Mwanangu, tangu bwana afariki huyu hagusi kitu. Alikuwa akila naye mkate kila asubuhi." Vipimo vilikuwa safi. Nilimwambia, "Bibi, usimnunulie ndege mwingine sasa. Peleka tundu lake sebuleni, watoto wawe wanakula mbele yake." Kasuku hula zaidi anapoona wengine wanakula. Mjukuu wake ndiye aliyekuwa akikaa na mkate wake kando ya tundu akirudi shule, na ndege akaanza kuomba kipande. Kwake yeye, kundi lilikuwa ile nyumba, na ilikuwa bado ipo. Lakini angalieni alichohitaji: watu wengi, mchana, kila siku. Familia kubwa ya Kiomani inaweza. Mtu mmoja aliyepanga chumba na kufanya kazi zamu mbili hawezi, na redio haimsaidii.

Kwa waliobaki nyumbani nina neno jingine. Anayemtafutia kasuku wake mwenza kwa muuzaji wa njiani, aliyemleta ndege gizani kutoka Kongo au Uganda, anamtoa mmoja kwenye kundi ili kumfariji mwingine aliyetolewa kwenye kundi. Kenya kasuku wa kijivu hafugwi bila kibali, na mwaka 2022 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilifungua nafasi wenye ndege hao wajiandikishe. Ukiwa naye, fuata sheria, kisha uliza kama kuna mwenye kibali mwingine ambaye ndege wake pia yuko peke yake.

Uswisi wamelimaliza jambo hili kwa sheria: tangu 2008 hairuhusiwi kumfuga kasuku peke yake. Huku kwetu hakuna sheria hiyo, kwa hiyo naisema kama ushauri wa mtu anayewashika kila siku. Kasuku wa kijivu huishi miaka 40 na zaidi. Kabla hujamlipa muuzaji, hesabu ni nani atakayekuwa nyumbani mchana kwa miaka yote hiyo. Kama hakuna, chukua wawili waliozoeana tayari, ukiweza gharama ya wawili. Usipoiweza, usimchukue hata mmoja.