Sinza: Mama mwenye nyumba au msimamizi?

Ukishuka daladala Sinza, msomaji wangu, usijisumbue kuulizia chumba. Dalali keshakudaka. Atakuzungusha mpaka miguu iwake moto, na ukipata unamkatia kodi ya mwezi mzima. Hapo kamaliza. Choo kikiziba humwoni tena.

Viwanja vya Sinza vilipimwa miaka ya 1970, kwa mpango wa serikali uliokopeshwa na Benki ya Dunia. Wazee walijenga taratibu, wakaishi mbele, wakapangisha uani. Hata kwetu ni hivyo: vyumba sita, korido katikati, Luku moja. Marehemu baba alituachia na mama anaisimamia mwenyewe, daftari lake la shule liko chini ya mto. Anajua nani ana friji la siri, nani anapiga pasi usiku wakati umeme umechangiwa kwa vichwa. Ugomvi wa kufagia uani anaamua yeye, kwa khanga moja.

Kaka yangu hataki kusikia. Namba nne wana deni la miezi mitano! Mama hawatoi, kwani mtoto wao alizaliwa humo na yeye ndiye aliyemwogesha.

"Mama, hii biashara au kliniki?" kaka akauliza Jumapili iliyopita. Anataka msimamizi wa kulipwa asilimia kumi, kama nyumba ya jirani.

Nikaenda kuchungulia kwa jirani. Kweli, rangi mpya, kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mkataba wa maandishi, hakuna kelele. Mwenyewe anaishi Mwanza na hela anapokea kwa simu. Lakini wapangaji wakaninong'oneza: alipokuja Desemba alikuta mwisho wa korido umezibwa kwa mbao, kuna mtu analala mle. Kodi ya "chumba" kile haikuwamo kwenye hesabu hata siku moja. Kibaya zaidi, njia ya uani ndiyo iliyozibwa, watu sita wanazungukia nje kwenda chooni, mvua ikinyesha utajiju.

Nikarudi na umbea wangu. Kaka akasema huyo ni msimamizi mmoja tu, wapo waaminifu, na mama miguu inamuuma. Hapo sikuwa na la kujibu.

Mama akanitupia daftari. "Haya, simamia wewe. Anza na namba nne."

Nikajitutumua, nikabisha hodi. Akafungua yule mtoto, mikono imejaa unga wa ngano. "Shikamoo anko! Mama anakaanga maandazi, karibu."

Nilirudi na maandazi manne. Kaka alicheka mpaka akapaliwa.