Njia za Miguu za Buganguzi

Miaka ya 1990, mtoto wa shule ya msingi huko Buganguzi, wilayani Muleba, akiambiwa achore picha nzuri alichora moja kati ya tatu: mlima wenye theluji, mnazi, au twiga. Mlima Kilimanjaro uko upande wa pili wa nchi, mnazi ni mti wa pwani, na twiga hajawahi kukatiza katikati ya migomba ya mtu. Mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wa watoto hao. Alisifiwa kwa twiga wake, na kwa miaka mingi aliamini kwamba sanaa ni jambo la mahali pengine.

Imani hiyo ilikuwa na chanzo. Picha zilizofika vijijini, kwenye kalenda na kadi, zilifuata mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta juu ya vibao. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake waliuendeleza mtindo wake hadi wanyama wake wakawa ndiyo sura ya uchoraji wa Tanzania. Ni kazi yenye uhai mkubwa. Ila haikumwambia mtoto wa Muleba kwamba hata kibanja cha babu yake, yaani shamba la migomba kuzunguka nyumba, kinachoreka.

Mabadiliko yalikuja kwa sababu ya kukaa nyumbani. Machi 17, 2020, serikali ilitangaza kufunga shule kutokana na korona, na za msingi hazikufunguliwa hadi Juni 29. Mwandishi, ambaye sasa alikuwa mwalimu, alikuwa na mama mzee wa kuangaliwa, kwa hiyo hata safari za Bukoba mjini zilisimama. Asubuhi, mama akishakunywa uji, yeye alishika daftari na kuzunguka: anapita vibanja vya majirani, anatokea rweya, uwanda wa nyasi nje ya vibanja, anarudi.

Mwanzoni alijaribu kuchora mandhari kama alivyofundishwa, na upeo wa macho ukiwa juu ya karatasi. Haikuwezekana. Ndani ya kibanja cha Kihaya hakuna mbali. Migomba imesimama bega kwa bega, chini yake mibuni, chini ya mibuni maharage, na jicho linagota hatua chache mbele. Unachokiona kweli ni njia yenyewe: inapokunja kumkwepa mgomba ulioanguka, inapogawanyika kuelekea kisimani, inapopita kati ya milamula inayoonyesha mpaka wa watu wawili. Ndipo akaacha mandhari, akaunganisha karatasi za manila ziwe ndefu, akachora njia kama mstari mmoja na kupanga pembeni yake vitu kwa mpangilio ule ule ambao mguu unavikuta.

Huko Uingereza, mwaka 1967, msanii Richard Long alitembea huku na huku shambani kwenye mstari mmoja hadi nyasi zikalala, akaupiga picha, na picha hiyo ikawa kazi maarufu duniani. Rweya imejaa mistari ya namna hiyo. Imechorwa na wakata nyasi, wachunga ng'ombe na watoto wa shule, vizazi kwa vizazi.

Rangi nazo zikaanza kutoka karibu. Masika ya Kagera hayana mchezo, na udongo mwekundu ulimfuata hadi mlangoni. Akauchuja na kuutumia. Masizi yalitoka jikoni, na maji mazito ya kahawa yakatoa hudhurungi. Lakini kilichomteka zaidi ni maganda makavu ya shina la mgomba. Ukibandua moja, upande wa ndani unang'aa kwa rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, na wa nje una michirizi myeusi isiyofanana popote. Lililonyeshewa sana linageuka kijivu. Analiloweka, analitandaza, analikandamiza chini ya jiwe, kisha analikata kwa wembe na kulibandika kwa gundi ya unga wa muhogo. Ukuta wa nyumba kuukuu hauhitaji rangi nyingine yoyote.

Wapo waliotangulia. Rosemary Karuga wa Kenya alisoma Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, akafundisha shule ya msingi miaka mingi, na alipoirudia sanaa katika miaka ya 1980 hakuwa na fedha za rangi. Alikata makaratasi ya sabuni na pakiti za unga, akatengeneza kuku, wanawake na maisha ya kijijini. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Harlem, New York. Makerere hiyo hiyo, ng'ambo ya ziwa, ndiyo iliyomlea mchoraji Sam Ntiro wa Machame. Mwalimu wao wa mwanzo, Margaret Trowell, aliwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, kisha akawaacha walichore kama wanavyoliona akilini. Ntiro akachora kwao. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku iko katika Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York. Mhaya yeyote anaielewa bila kuelezwa.

Kadiri miezi ilivyopita, karatasi zile zilianza kufanya kazi ambayo hakuitarajia: kutunza kumbukumbu. Mnyauko wa migomba, uliogunduliwa Muleba mwaka 2006, ulikuwa umekwisha kuondoa mashina mengi, na watu wamezoea kukata ua dume kwa kijiti chenye panda ili wadudu wasisambaze ugonjwa. Vijiti hivyo vimeegeshwa kila mahali, naye alivichora. Alichora pia mapengo ambapo mgomba uling'olewa, na mihogo iliyochukua nafasi yake. Msonge haupo tena kwenye njia yake. Ulipokuwapo umebaki uwanja wa duara, na pembeni nyumba ya mabati. Yote hayo alikuwa akiyapita kwa miaka mingi.

Shule zilipofunguliwa, somo la sanaa lilibadilika. Sasa wanafunzi wake wanachora njia ya kutoka kwao hadi shuleni, na hakuna anayeruhusiwa kunakili ya mwenzake, kwa kuwa haiwezekani zikafanana.

Majirani nao huja kukagua. Bibi mmoja wa jirani aliinamia karatasi barazani kwa muda mrefu, kidole kikifuata mstari, kisha akasema: "Mwalimu, waitu, mlamula wetu uko juu ya huo mbuni, si chini yake. Ukiuacha hivyo wajukuu watakuja kugombana." Mlamula ukahamishwa. Jirani wa upande wa pili wa mpaka alipopata habari, alikuja jioni ile ile na fimbo yake, akaomba karatasi itandazwe upya, na ubishi ukahamia kwenye mbuni.