Mikono Miwili

Alfajiri moja ya Januari, kabla ya basi la kwanza kupita, mwanamume wa miaka 58 alikuwa chini ya jengo lao huko Scarborough, mashariki mwa Toronto, akinyanyua vyuma. Saa 2 asubuhi alitakiwa kutolewa damu ili ipimwe testosteroni, naye alikuwa amesikia kwamba vyuma huipandisha. Alitaka kujiongezea alama kabla ya mtihani. Mkewe hakuambiwa lolote. Miezi mingi ya kupeana mgongo kitandani ilikuwa imewazoesha wote wawili kunyamaza.

Labda lugha ndiyo iliyomponza. Neno nguvu hubeba mzigo wa hamali na mzigo wa ndoa kwa pamoja, na katika Mombasa alikokulia matangazo ya dawa za nguvu za kiume hayaulizi nguvu ipi. Baba yake alibeba magunia bandarini na kuzaa watoto tisa. Mwana akajumlisha mambo hayo mawili kuwa moja.

Hesabu hiyo imekwisha kupimwa, tena si mbali. Mwaka 2010, katika Chuo Kikuu cha McMaster mjini Hamilton, Stuart Phillips na wenzake walichapisha jaribio la vijana 12 wa kiume waliozoeza mikono yao kwa wiki 15, kila mkono kwa siku yake. Mkono mmoja ulinyanyua uzito peke yake, homoni zikiwa zimetulia. Siku ya mkono wa pili, kijana alifanyishwa na miguu pia, hata testosteroni na homoni ya ukuaji zikapanda katika damu. Mtu mmoja, mikono miwili: mmoja ulilelewa maji yakiwa yamekupwa, mwingine yakiwa yamejaa. Mwishowe yote miwili ilinenepa na kupata nguvu sawasawa. Bamvua lile hupwa upesi, kwa kawaida ndani ya saa moja. Kinachokuza msuli ni mzigo wenyewe. (Dawa za viwandani zinazoiga homoni hiyo ni habari nyingine, na Scarborough inaijua vyema tangu mkimbiaji wake, Ben Johnson, aliponyang'anywa dhahabu ya Seoul mwaka 1988.)

Majibu yalipotoka, testosteroni ilikuwa ya kawaida kwa umri wake. Kilichokuwa juu ni sukari. Daktari alimweleza kwamba sukari ikikaa juu kwa muda mrefu hudhuru mishipa ya damu na ya fahamu, na kwamba hapo ndipo ndoa za wanaume wengi hukwama. Vyuma asiviache, alisema: msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu, na insulini, ambayo nayo ni homoni, hupata kusikilizwa tena.

Tatizo likawa wali. Asingeweza kuupunguza bila kumwambia anayeupika. Usiku ule alisimama mlangoni mwa jiko, akaeleza yote, hata habari ya vyuma vya alfajiri.

Mkewe aliweka mwiko chini.

"Baba Salma," alisema, "mimi nilidhani umenichoka."